Hoteli ya Kihabeshi Kiembe Samaki: nenda mchana, uliza injera imechomwa lini

Hoteli ya Kihabeshi hupimwa kwa injera, ule mkate mpana, laini na mchachu wa Ethiopia unaomegwa na kuchotea mchuzi. Injera ikiwa mbovu, michuzi mizuri haiwezi kuiokoa, kwa sababu kila tonge linapita mkononi mwake kwanza. Hii ya Kiembe Samaki, Unguja, meza nane na pazia la shanga mlangoni, ina injera mbili chini ya jina moja: ya mchana, ambayo ndiyo sababu ya kufunga safari, na ya usiku, ambayo imeshachoka.

Ya mchana ikiletwa, usianze kula. Ng'oa kipande cha ukubwa wa kiganja ukinyanyue usoni kwenye mwanga. Upande wa juu uwe umejaa vitundu vilivyokaribiana, Wahabeshi wenyewe huviita macho, na upande wa chini uwe laini kama kitambaa, hauna doa la kuungua. Haigeuzwi chomboni, inamiminwa kwa kuzungusha kuanzia ukingoni kuja katikati, inafunikwa, inaiva kwa mvuke. Aliyekulia kwenye chila ataona undugu hapo hapo. Lakini chila ina tui na sukari, na injera ya asili haina kitu ila unga wa tefu, nafaka ndogo sana ya Ethiopia, maji, na ersho, yaani yale maji ya manjano yanayoelea juu ya rojo la zamani, ndiyo chachu yake. Kikunje kile kipande. Kikikunjuka bila ufa, sawa. Kikipasuka, ama kimekauka ama unga wa mahindi umezidi. Kikinata vidoleni, basi injera zilipangwa juu kwa juu zingali moto, zikatokwa jasho.

Shida ya usiku inatokana na hali ya hewa yetu. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi, na rojo hukaa siku mbili hadi tatu ndipo likolee. Huku kwetu, kwenye nyuzi 30 na unyevu wa kaskazi, siku moja na kitu inatosha. Ukilifuata saa la Addis unapata ukali unaokata ulimi. Mpishi wa hapa ameshalijua hilo kwa injera ya asubuhi, uchachu wake ni ule wa maziwa mgando, unakata mafuta ya mchuzi na unapita. Rojo linalobaki kwa ajili ya usiku, hata hivyo, linashinda jikoni, na jiko la injera ni la umeme. Umeme ukienda alasiri, rojo linaendelea kuchacha na jiko limepoa. Ndiyo maana injera ya saa mbili usiku ina macho machache, ni nzito, na inauma. Wangeliweka rojo kwenye friji baada ya adhuhuri nusu ya tatizo ingekwisha.

Uliza pia kama ni tefu tupu. Sema tu, "Dada, injera ya leo imechanganywa?" na utajibiwa bila kufichwa: ya kila siku ina tefu na unga wa ngano, wakati mwingine mtama. Hakuna ubaya, mchanganyiko hata Ethiopia upo, na tefu ya kuagiza ni ghali. Ila mtu ambaye ngano inamdhuru asiridhike na kuona rangi ya kahawia, maana mtama nao unatoa rangi hiyo. Ya tefu tupu inabidi kuagizwa siku moja kabla.

Sasa sinia lenyewe. Agizo la maana kuliko yote, na la bei nafuu, ni sinia la mboga, shilingi 24,000 kwa watu wawili. Kwenye orodha limeandikwa "la mfungo", na mtu wa hapa atafikiri futari. Sivyo: Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hawali nyama, mayai wala maziwa siku ya Jumatano na Ijumaa, pamoja na vipindi virefu vya mwaka, kwa hiyo wana hazina kubwa ya mapishi ya mafuta matupu. Kwa asiyetumia maziwa, sinia hili ni salama. Michuzi mingine ya nyumba hii inapikwa kwa samli iliyochemshwa na viungo. Siku hizo mbili jiko linapika mboga kwa wingi na aina zinafika saba. Siku nyingine ni tano, na kabichi inaweza kuwa ya jana. Ijumaa wanafunga mlango wakati wa sala, kwa hiyo Jumatano saa saba mchana ndiyo saa yenyewe.

Katikati ya sinia wanaweka adesi nyekundu zilizopikwa na berbere, na hapo ndipo utajua kama jiko lina haraka. Berbere si pilipili peke yake. Ni pilipili kavu nyekundu iliyosagwa na vitunguu thomu, tangawizi, uwatu, giligilani na hiliki ya Kihabeshi, ambayo ni kubwa kuliko hii yetu na ina harufu kidogo ya moshi. Inataka kukaangwa taratibu na kitunguu mpaka harufu ya ubichi iondoke. Ikitiwa mwishoni inabaki kama vumbi kooni. Hapa imeiva barabara. Ukali wake haufanani na wa pilipili mbuzi inayokuvamia na kuondoka. Unakuja polepole na kukaa. Na usitafute nazi, hakuna hata tone.

Mbaazi za njano zisizo na pilipili, za manjano na tangawizi, ndizo za kumpa mtoto. Shiro inakuja kwenye kijungu cha udongo ikitokota, nao ni unga wa dengu uliokaangwa na viungo kisha ukapikwa kama uji mzito. Ile wapeni kipaumbele, kwa sababu ikipoa inashika utando juu na ladha ya unga inajitokeza. Sukuma ilikuwa na chumvi iliyozidi.

Doro wat, yaani mchuzi wa kuku, shilingi 18,000, ndiyo sahani wanayojivunia, na wana haki nusu. Mchuzi wake unaanza na kitunguu kingi, karibu kilo nzima kwa kuku mmoja, kilichokatwa vidogo mno na kupikwa kikavu, bila mafuta, mpaka kimeyeyuka na kuwa cheusicheusi. Samli na berbere vinafuata, kuku baadaye, na yai la kuchemsha mwisho. Ni kazi ya saa mbili na zaidi. Njia ya mkato inayojulikana ni kutia tungule za kopo kufanya mchuzi uwe mzito, na utaigundua kwa ukakasi na wekundu unaong'aa. Wa hapa ni wa rangi ya matofali, mafuta yamepanda juu, kitunguu hakionekani. Safi kabisa. Tatizo ni kuku: wanatumia wa kizungu, na kuku wa kizungu hastahimili moto wa muda huo, nyama inaachana na mfupa kabla haijanywa mchuzi. Lipa tofauti ya bei, uagize wa kienyeji asubuhi, wanakubali.

Kitfo ni nyama ya ng'ombe ya kusaga inayoliwa mbichi na samli ya viungo. Kwa joto la hapa, na kwa habari ya tegu, iombe iliyoiva kabisa. Hawatanuna.

Nyama na kuku wanachukua kwa wachinjaji wa hapa hapa, halali, na pombe ya asali ya kwao haiuzwi. Mwezi wa Ramadhani mlango unafunguliwa baada ya magharibi.

Kula kwake hakuna cha kujifunza kwa watu waliozoea sinia moja: unanawishwa kwa birika, mkono wa kulia, kila mtu na upande wake. Kuna meza mbili za kusukwa, mesobu, zenye mfuniko wa kuchongoka unaofanana na kawa zetu za ukili hadi rangi. Ni nzuri kwa picha lakini fupi, goti halina pa kwenda. Wenye umri waombe meza ya kawaida. Jingine ni gursha, tonge analokulisha mwenzako kwa mkono wake, ishara ya mapenzi na heshima, na kulikataa ni kumvunjia uso. Kwa mke na mume, au mama na wanawe, halina neno. Wahudumu hapa wana adabu ya kutolifanya kwa wageni.

Injera ya kuongeza inatozwa shilingi 2,000 kwa roli moja, na hapo pana manung'uniko ya haki. Sinia la watu wawili linakuja na roli mbili tu juu ya ile iliyotandikwa chini, nazo hazitoshi. Hesabu roli mbili kwa kila mtu mzima. Ile ya chini iliyonywa mchuzi wote muiache ya mwisho, ndiyo tamu kuliko zote.

Kahawa iagizeni pamoja na chakula, msingoje kumaliza. Buni mbichi inaoshwa na kukaangwa mbele yenu, kikaango kinapitishwa mvute moshi wake kwa mkono mpaka puani, kisha inatwangwa na kuchemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Saa nzima inapita. Ubani unafukizwa, bisi zinaletwa, na vikombe havina mkono, vidogo kama vya kahawa ya barazani. Duru ni tatu: abol, tona, na ya tatu inaitwa baraka, neno lisilohitaji mkalimani Unguja. Kila duru ni nyepesi kuliko iliyotangulia kwa sababu maji yanaongezwa kwenye buni ile ile. Shilingi 10,000 ni bei ya duru zote tatu. Baada ya saa mbili usiku huleta moja na kutoza hiyo hiyo, kwa hiyo taja idadi kabla.

Kwa kuchukua nyumbani, kataeni injera kutiwa kwenye mfuko wa plastiki ingali moto. Waambie waiache ipoe, waifunge kwenye karatasi, na mchuzi mbali. Ikibaki hadi kesho, ichane vipande uipike kwenye mchuzi uliobaki na maji kidogo: hiyo ndiyo firfir, na wao wenyewe wanaiuza asubuhi kuanzia saa moja kwa shilingi 7,000. Injera ya usiku ule inayolalamikiwa hapa juu, ukiikuta asubuhi kwenye firfir, haina kosa hata moja.