Famicom yangu kwa mafundi wa Ngamiani: AV safi, adapta ya balaa

Nyota moja. Nilitaka kutoa nne, na nitaeleza kwa nini, lakini nikikumbuka lile neno "imekufa kwa uzee" mkono unarudi kwenye moja.

Ninayoizungumzia ni Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Kijapani, ile nyeupe yenye wekundu wa damu ya mzee iliyoanza kuuzwa 1983, siyo zile gemu za TV za kuigiza zenye kaseti ya "9999 ndani ya moja". Huku Tanga hutua mojamoja kwenye mizigo ya mitumba ya Japani, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui ameshika nini. Ukiikuta na pedi zote mbili nzima umeokota, maana pedi zake hazichomoki, waya umeingia moja kwa moja ndani ya mashine. Kazi niliyowapeleka hawa jamaa ilikuwa moja tu: kuifungulia njia ya AV, yaani picha na sauti zitoke kila moja kwa waya wake hadi kwenye TV.

Bila AV, Famicom huku ni boksi la kupambia kabati. Picha yake hutoka kwa RF, yaani kupitia tundu la antena la TV, kwenye chaneli 1 au 2 za Japani, yaani megahazi 90 hadi 102, na masafa hayo kwetu ni ya redio za FM. TV nyingi za chogo hazifiki hapo hata utafute mpaka alfajiri. Ukibahatisha picha, sauti itagoma, kwa sababu Japani sauti imewekwa megahazi 4.5 juu ya picha na TV zetu zinaitafuta kwenye 5.5 au 6. Dawa ni kuichukua picha kwenye mguu wa 21 wa chipu ya picha, kuipitisha kwenye transista ndogo ya PNP kama 2N3906 au 2SA1015, vikinza vichache na kapasita ya 220µF, kisha kuitoa kwenye tundu la njano.

Hapo nawapa haki yao. Kijana aliyeshika pasi ya risasi anajua kazi. Ule mguu wa 21 ameunyanyua kabisa kutoka kwenye bodi, hakuridhika kuunga waya juu yake. Usipounyanyua, picha inaendelea kutembea kwenye njia ya zamani ya RF na kuokota takataka, na unapata ile mistari ya wima kama nondo za dirisha, hasa pakiwa na anga la bluu. Yangu nondo hazionekani mpaka usogeze pua kwenye kioo. Waya ametumia wenye ganda la kinga, mfupi, na hakutoboa plastiki ovyo.

Sauti pia ameichukua mahali panapotakiwa, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwenye Famicom sauti ya mashine hutoka kwanza kwenda kwenye kaseti kwa pini ya 45, halafu hurudi kwa pini ya 46. Ukiinyonya kabla haijafika kwenye kaseti, gemu nyingi zitasikika sawa na utadhani umemaliza. Siku ukichomeka kaseti yenye chipu yake ya sauti, kama Akumajō Densetsu ya Konami ya 1989, nusu ya muziki haipo. Kijana yule alichukua baada ya pini ya 46 bila kuambiwa na mtu. Na kama TV yako haikubali NTSC, mfumo wa rangi wa Japani, utapata picha nyeusi na nyeupe; hilo usimlaumu fundi, tafuta TV nyingine.

Sasa adapta.

Famicom inataka umeme wa DC, 10V, 850mA, na ncha ya katikati ya plagi iwe HASI. Adapta yake ya asili ni ya umeme wa Japani wa 100V. Ukiichomeka kwenye soketi zetu za 230V inatema zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa, kwa hiyo iache kwenye boksi. Mimi nilipeleka adapta ya Mega Drive (mashine ya gemu ya Sega) ile ya kwanza, ya 230V, ambayo ncha yake ni hasi na inakaa vizuri kabisa. (Ya Mega Drive 2 usiiguse kwa kazi hii, ncha yake ni chanya na plagi ni nyingine.) Nikaiweka kwenye mfuko uleule, nikabandika selotepu juu ya mashine na kuandika kwa herufi kubwa: HASI KATI. TUMIA HII TU.

Wakachomeka adapta ya ruta. 12V, ncha chanya. Iliyokuwa karibu na mkono.

Nilipokwenda kuchukua, nadhani wiki ya pili au ya tatu, mwenye karakana hakuinua hata macho kwenye simu. "Kaka, hili dude limekufa kwa uzee. La mwaka 83 hili, ulitegemea nini? Kanunue PS3 ucheze mpira na wenzio." Halafu akataka elfu kumi ya uchunguzi. Adapta ya ruta bado ilikuwa imening'inia kwenye tundu la nyuma! Nikamwonyesha. Akajibu neno ambalo sitalisahau: "Tundu likikubali, na umeme umekubali."

Fundi wa umeme anasema hivyo mbele ya mteja. Plagi ya Famicom, ya ruta na ya ving'amuzi vingi ni saizi ileile, 5.5 kwa 2.1, kwa hiyo tundu litakubali kila kitu. Umeme haukubali. Chukua mita, weka kwenye DC 20V, waya mwekundu ndani ya ncha, mweusi kwenye chuma cha nje. Ikisoma namba yenye alama ya kutoa mbele, ncha ni hasi, endelea. Ikisoma namba tupu, ncha ni chanya, weka chini. Sekunde tano, na mita ilikuwepo pale pale mezani kwake.

Uzee hauna dalili zile. Famicom hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, skrubu za chini, na nilimwomba aifungue mbele yangu. Kapasita ya kopo iliyo mlangoni mwa umeme ilikuwa imevimba kichwa, na harufu ile kila aliyewahi kuunguza kitu anaijua. Regulata ya 7805, ile ya miguu mitatu inayoshusha umeme hadi 5V, iliyofungwa kwenye bati la kupoozea, ilisoma karibu sifuri omu kati ya mguu wa kuingilia na wa kati. Hiyo ni regulata iliyogeuziwa chanya na hasi. Kifaa kilichochoka hakijifungi namna hiyo kwa usiku mmoja, tena baada ya kufika kikiwa kinawaka.

Aliyeokoa mambo ni yule kijana. Alisubiri bosi atoke kuswali, akaniambia taratibu, "Samahani kaka, ni mimi niliyechomeka. Niliambiwa tumia ile iliyopo." Akatoa 7805 mpya kwenye droo, akapaka grisi nyeupe ya joto nyuma yake, akabadilisha na kapasita kwa µF zilezile, volti 25. Kabla ya kuweka kaseti akapima mguu wa kutolea: 5.01V. Kati ya 4.8 na 5.2 uko salama. Chipu zote zilipona, kwa sababu regulata ilikufa kwanza. Kwa dakika zile nilikuwa tayari kuandika nyota nne, wallahi, hata tano.

Kisha bosi akarudi, akaona inawaka, akasema, "Si nilikwambia tutaifufua?"

Moja. Inabaki moja.

Kuunguza kifaa hutokea, hata mafundi wazuri huunguza. Kinachonikera ni kumdanganya mteja ili alipie kosa lako, tena kwa kumdharau anachokipenda. Mtu mwingine angeamini, angeiacha pale, na Famicom nzima ingeishia kwa wauza vyuma chakavu kwa ajili ya kidude kisichofika bei ya sahani ya chipsi.

Ukiipeleka yako kwao (na kwa AV bado sijaona mkono mwepesi zaidi hapa mjini, hilo siwezi kulikana), usiiache bila adapta iliyofungwa kwa kamba kwenye mashine yenyewe. Ukikosa ya Mega Drive, adapta ya vinanda vya Casio, AD-5, ni 9V, 850mA, ncha hasi, inafaa sana. Hata ukipata ya 12V yenye ncha hasi, iogope: 7805 huchoma kila volti inayozidi 5 kuwa joto. Mashine ikivuta nusu ampea, kwa 9V ni wati 2 za joto, kwa 12V ni wati 3 na nusu, na kwa joto la Tanga lile bati dogo linaelemewa. Adapta ya NES, ndugu ya Famicom ya Ulaya na Marekani, nayo hapana, ile hutoa AC, na Famicom haina daraja la diodi la kuigeuza.

Kaseti wakikwambia zina kutu ya hewa ya bahari, usikubali wapige tina ya rangi, inakula plastiki. Spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, pamba za masikio, pini 60 pande zote mbili, uache zikauke.

Basi, kijana nyota tano, karakana moja. Labda mbili, kwa zile waya za AV. Elfu kumi ya uchunguzi sikulipa na silipi.