Mgongo wa chura Uingereza: lenzi nyekundu tupu au yenye rangi ya chungwa?

Volkswagen Beetle (mgongo wa chura) za zamani zilizouzwa Marekani zilikuwa na lenzi za taa za nyuma nyekundu tupu, na indiketa zake huwaka nyekundu. Za Ulaya zilikuja kuwekewa kipande cha rangi ya chungwa. Kwa Uingereza, kinachoamua ni tarehe: gari lililoanza kutumika kabla ya 1 Septemba 1965 linaruhusiwa indiketa ya nyuma nyekundu au ya chungwa. La kuanzia siku hiyo, chungwa tu, hata kama limeletwa kutoka California likiwa na lenzi zake za kiwandani.

Nyekundu tupu inapendeza, sikatai. Lakini breki na indiketa zikiwaka pamoja kwa rangi moja, dereva wa nyuma anabaki kubahatisha, hasa jua likipiga kwenye lenzi. Usijisumbue kuweka balbu ya chungwa ndani yake. Mwanga utatoka mwekundu vilevile.

Lenzi ya chungwa hutumia balbu ya kawaida isiyo na rangi, wati 21. Balbu ya chungwa ni ya lenzi nyeupe isiyo na rangi, na pini zake zimepangwa tofauti makusudi isiingie kwenye soketi ya kawaida.

Ukitaka LED, nyuma ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu. Nyeupe hutoa mwanga hafifu wa waridi. Na flesha ya zamani, yaani kifaa kinachofanya indiketa ipepese, itahitaji kubadilishwa, la sivyo indiketa itapepesa ovyo.

Mimi ningechukua chungwa hata kwa gari la 1963.