Ukiweza Kununua Juzuu Moja Tu, Chukua ya Katikati

Nimepata seti ya Komedia ya Kimungu, utungo wa mshairi Dante, juzuu tatu zilizokwisha kutumika, Kiitalia upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, tafsiri ya Jacqueline Risset. Nimelipa falanga 60,000 kwa zote tatu, kando ya barabara katikati ya mji, hapa Lubumbashi. Kwa mwenye haraka, ushauri wangu ni huu: pesa ikitosha juzuu moja tu, iache Jehanamu, ya kwanza, chukua Toharani, ya katikati, ile ya mahali roho zinapotakaswa kabla ya kuingia peponi. Mwenye nafasi anifuate.

Kwanza mali yenyewe, maana kazi yangu ni kujalidi. Nina kibanda karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wananiletea kazi zao za kumaliza masomo, nami nazitoboa, nazishona, nazivalisha jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu. Kwa hiyo kitabu huwa nakishika mgongo kabla ya kukisoma. Hizi juzuu ni za jalada laini, zimegandishwa kwa gundi bila uzi, na gundi ya namna hiyo ikipitia miaka kadhaa ya baridi yetu ya Juni na joto la Oktoba hukauka ikapasuka. Jehanamu ilikuwa imeachana katikati, kurasa zinatoka mkononi. Mgongo wa Toharani haukuwa na mkunjo hata mmoja. Peponi vilevile, ila panya alikuwa amekula pembe.

Mwenye vitabu wa kwanza, simjui, aliijaza Jehanamu kwa penseli toka mwanzo hadi mwisho: mistari, alama za kuuliza, majina ya dhambi kwa herufi kubwa. Mahali pamoja aliandika jina la mtu pembeni ya wezi, kisha akalifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kwenye Toharani kuna alama mbili tu katika wimbo wa kwanza. Halafu weupe mpaka mwisho. Muuzaji naye alikuwa na hesabu hiyohiyo: Jehanamu 30,000, nyingine 20,000 kila moja. Nikamwuliza kwa nini iliyochakaa ndiyo ya bei kali. Akanijibu, “Mama, ya moto ndiyo inatembeaka. Hii ya katikati hakuna mutu anaombaka.” Tukapatana.

Kwa wasiomjua: Dante Alighieri alizaliwa Florence mwaka 1265, siasa za mji wake zikamfukuza mwaka 1302, akafia Ravenna mwaka 1321 bila kurudi kwao. Utungo una nyimbo 100 na mishororo 14,233. Mtu wa makamo, Dante mwenyewe, amepotea msituni, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1300. Mshairi Virgil, aliyekufa mwaka wa 19 kabla ya Kristo, anatumwa kumwokoa, na njia ya kutokea inashuka hadi kina cha Jehanamu, inapanda mlima wa Toharani, inafika mbele ya Mungu. Msitu ni dhambi, Virgil ni akili ya binadamu, Beatrice, mwanamke Dante aliyempenda, anayempokea huko juu, ni neema, na msafiri ni roho ya yeyote kati yetu. Ukiuelezwa hivyo unaweza kudhani ni katekisimu. Sivyo, kwa sababu kila roho anayokutana nayo ina jina la baba, mji ilikotoka na deni ililoliacha.

Wapenda tenzi watafurahia ufundi wake. Mshororo una mizani 11, ubeti una mishororo mitatu; wa kwanza na wa tatu vina kina kimoja, wa katikati una kina chake, na hicho cha katikati ndicho kinachotawala ubeti unaofuata. Aliyewahi kushona kitabu anaujua mshono huo: uzi wa fungu la karatasi la chini unapita kwanza kwenye fungu la juu ndipo unafungwa, ukivuta mmoja umevuta vyote. Risset hakulazimisha vina kwa Kifaransa. Alishika mwendo, na nadhani alichagua vizuri. Kiitalia kipo pembeni, kisome kwa sauti hata kama hukielewi, utavisikia.

Jehanamu ni nzuri, sikatai. Lakini hapa kwetu moto tunahubiriwa kwa vipaza sauti hadi usiku wa manane, wala hatuna uhaba wake. Humo nitataja mmoja tu, kwa sababu bila yeye hutamwelewa mwanawe. Ni Guido da Montefeltro, wimbo wa 27, jemadari aliyechoka vita akavaa kanzu ya Wafransisko. Papa Bonifasi wa VIII anamtaka shauri la hila la kuwashinda adui zake, na anamwahidi ondoleo la dhambi hata kabla hajaitenda. Guido anakubali. Siku ya kufa kwake Mtakatifu Fransisko anakuja kumchukua, shetani anamzuia: asiyetubu haondolewi dhambi, na mtu hawezi kutubu jambo huku bado analitaka. Kisha anamgeukia Guido na kumwambia huenda hakujua kwamba shetani naye amesoma mantiki.

Sasa fungua juzuu ya katikati, wimbo wa 5. Mwana wa huyohuyo Guido, Buonconte, aliuawa vitani Campaldino mwaka 1289. Dante mwenyewe alipigana siku hiyo, upande wa pili. Buonconte amejeruhiwa koo, anakimbia kwa miguu akilowesha uwanda kwa damu, mpaka pale mto Archiano unapoingia Arno. Anaanguka na jina la Maria mdomoni, mikono ameikunja msalaba kifuani. Malaika anambeba. Shetani anapiga kelele: yaani unaninyang'anya huyu kwa ajili ya kachozi kamoja? Kwa hasira analeta mvua, mto unafurika, unaubeba mwili na kuifungua mikono ile iliyokunjwa. Maiti haikuonekana tena.

Baba mwenye kanzu na ahadi ya Papa yuko motoni. Mwana aliyekufa bila padre, na chozi moja, yuko mlimani. Nilisoma kurasa hizo mwanafunzi amesimama mbele yangu anangoja kitabu chake. Alingoja. Na si vita wala mafuriko yaliyonishika, ni neno moja Buonconte analosema mwanzoni: mkewe Giovanna hamjali, wala wengine hawamjali, ndiyo maana anatembea na wenzake uso chini.

Hapo ndipo juzuu hii inapotuhusu sisi wa kwetu. Mlimani, sala za walio hai zinafupisha kungoja kwa marehemu. Kila roho inayomwona Dante anapumua inamwomba jambo lilelile: ukirudi, waambie wa kwetu wanikumbuke. Kuna mama mmoja wa Siena, Sapia, aliyefurahi kuona watu wa mji wake mwenyewe wanashindwa vitani. Alichelewa kutubu mno, alistahili bado kukaa nje ya mlango. Aliyemwombea mpaka akasogezwa mbele ni muuza vitana wa mjini kwao, Pier Pettinaio. Si askofu, si ndugu yake. Muuza vitana. Parokiani kwetu kila Novemba tunaandika majina ya marehemu kwenye bahasha ya misa, na mimi huandika ya nyumbani kwangu tu, wazazi na kaka, basi. Tangu nimsome Sapia nimekuwa nikijiuliza bahasha moja inachukua majina mangapi.

Jirani yangu wa kibandani, Mmetodisti, hakubali hata kidogo. Anasema Toharani haimo katika Biblia yake, na kwamba Bunyan, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1678 cha safari ya Mkristo, aliimaliza habari hii vizuri zaidi: msafiri wake anafika msalabani, mzigo unamtoka mgongoni, unabingirika, amekwisha. Ni kweli, inapendeza. Lakini mimi sijamwona mtu ambaye kiburi chake kilimtoka kwa mara moja, hata kwaya nzima iimbe. Kwa Dante, malaika mlangoni anaandika kwa ncha ya upanga herufi P saba (ya peccatum, dhambi kwa Kilatini) katika paji la uso wa msafiri, moja kwa kila dhambi kubwa. Anapomaliza ngazi ya kwanza ya mlima, ya wenye kiburi, bawa la malaika linampiga usoni. Anaendelea kupanda, anajihisi mwepesi, hajui kwa nini, anamwuliza Virgil. Ndipo anajipapasa paji la uso kwa vidole vya mkono wa kuume na kukuta herufi sita. Virgil anatabasamu. Hicho tu. Hakuna radi, hakuna ushuhuda.

Ngazi yenyewe ya kiburi, wimbo wa 10 hadi wa 12, ndiyo niliyoisoma na kuirudia. Wenye kiburi wanatembea wamebebeshwa mawe, wamepinda mpaka magoti yanakutana na kifua, na huku wanasali Baba Yetu ndefu, wakiongeza kwamba kifungu cha mwisho, cha kuokolewa na mwovu, hawakiombi kwa ajili yao wenyewe tena bali kwa waliobaki nyuma. Yaani sisi. Mmoja wao anageuza shingo chini ya jiwe, anamtambua Dante. Ni Oderisi wa Gubbio, fundi wa kupamba vitabu kwa rangi. Dante anamsifu: si wewe uliyekuwa heshima ya kazi hiyo? Naye anajibu kwamba kurasa za Franco wa Bologna ndizo zinazocheka zaidi. Heshima sasa ni ya Franco, yeye ana sehemu tu. Anaongeza kwamba enzi za uhai wake asingekubali kamwe kusema hivyo, kwa tamaa ya kuwa wa kwanza. Nimefanya kazi ya vitabu muda mrefu, na mjini humu kuna mjalidi mwingine ambaye pembe zake za jalada zinakaa sawa kuliko zangu. Sijawahi kumwambia mteja yeyote. Ndugu msomaji, Oderisi alilazimika kufa na kubebeshwa jiwe ndipo aseme, kwa hiyo nami naona ninao muda.

Na Dante, anapozungumza naye, anainama kwa kimo cha wale wenye mawe, wanatembea sambamba hivyo. Hilo halikusemwa kwa maneno mengi, ukisoma haraka litakupita.

Ngazi ya wivu ni fupi lakini kali: wamekaa wameegemeana ukutani, kope zimeshonwa kwa waya wa chuma, machozi yanapenya kwenye mshono. Mimi nashika sindano kila siku na sikuweza kuisoma kwa haraka. Wavivu wanakimbia, walafi wana njaa, hayo mtayaona wenyewe. Wanakwaya msikose wimbo wa 2: Casella, mwimbaji rafiki wa Dante, anaombwa wimbo pale ufukoni, roho zote zinasimama kusikiliza, mzee Cato, mlinzi wa mlima, anatokea anazifokea kwamba zinapoteza muda, zikimbilie mlimani. Kila kwaya ina Casella wake na Cato wake. Kwetu Cato ndiye mwenye funguo za kanisa.

Peponi sitadanganya, ni nzito. Kuna mwanga mwingi na mafundisho marefu, na mara kadhaa nimeifunga nikaenda kupika bukari. Lakini katika wimbo wa 17 Dante anatabiriwa uhamisho wake: ataonja jinsi mkate wa wengine ulivyo na chumvi, na jinsi ilivyo kazi kupanda na kushuka ngazi za nyumba za watu. Mpangaji yeyote anayeishi ndani ya uwanja wa mwenye nyumba, tena mkali, hahitaji maelezo ya nyuma ya kitabu. Na katika wimbo wa mwisho, wa 33, anapotazama ndani ya Mungu, anaona yale yote yaliyotawanyika ulimwenguni kurasa kwa kurasa yamejalidiwa kwa upendo katika juzuu moja. Nilimsomea jirani yangu Mmetodisti. Akasema hiyo, basi, anaikubali.

Dosari zipo. Maelezo yamewekwa nyuma, na bila maelezo utapotea katika ugomvi wa koo za Florence, maana mwandishi anadhani wote tunawajua majirani zake. Kifaransa cha Risset si cha magazeti. Mwanafunzi wa sekondari ataweza, lakini polepole. Na katika wimbo wa 28 wa Jehanamu Dante amemweka Mtume Muhammad miongoni mwa wanaoteswa, kwa maneno ya matusi. Ni chuki ya zama zake, siitetei, na mteja wangu Mwislamu nilimwambia mapema kabla sijamwazima.

Toharani naipa nyota tano, Jehanamu nne, Peponi tatu na nusu, hiyo nusu ni ya wimbo wa 33. Zangu nimezibandua gundi yote, nimezishona kwa uzi wa kitani na kutia utepe wa pili kwa ajili ya kurasa za maelezo. Utakayepata za kwako mjini, niletee kabla hujaanza kuzisoma. Kurasa zikishatawanyika ni kazi mara mbili, na bei mara mbili.