Mswaki gani ununue hapa Mwanza: mulika ncha kwanza, rangi baadaye

Wiki hii WhatsApp yangu imejaa picha za fizi. Dada mmoja wa Nyegezi kanitumia meno yake ya mbele, fizi imepanda mpaka mzizi wa jino unaonekana, una unjano flani hivi, anasema akinywa soda ya baridi anaruka, na eti anashangaa kwa sababu anapiga mswaki kila siku tena kwa nguvu zote. Nikamwambia hebu piga picha na mswaki wenyewe. Akatuma. Umeandikwa Hard, yaani mgumu, nywele zimesimama kama ufagio wa chelewa. Wa Buhongwa naye hivyo hivyo. Kuna wa Kirumba yeye kaacha kabisa kusugua upande wa kushoto kwa sababu unatoa damu, hapo ndo nikasema basi leo naandika.

Sitaongelea rangi, sitaongelea mpini wenye raba wala ile sehemu ya kukwangulia ulimi, hayo utayaona mwenyewe dukani. Mimi shida yangu ni ncha. Ncha za nywele za mswaki, kitu ambacho sijawahi kuona mtu anakiuliza pale sokoni Makoroboi hata siku moja.

Iko hivi. Nywele za mswaki ni nailoni, na nailoni ndo inatumika kwenye miswaki tangu 1938, kabla ya hapo walikuwa wanatumia nywele za nguruwe. Mashine inakata zile nyuzi, na ukishakata nailoni ile ncha inabaki na makali. Kiwanda kinachojiheshimu kinaichonga tena mpaka iwe mviringo, kiwanda kinachokimbizana na bei kinaacha hivyo hivyo. Sasa wewe asubuhi na jioni unapeleka mamia ya vincha vyenye makali kwenye fizi, na ukiwa msuguaji wa kwenda na kurudi kwa hasira, fizi inachubuka na mwisho inarudi nyuma. Ikisharudi hairudi mbele yenyewe. Pale chini mzizi hauna ile ganda ngumu ya juu, ni laini, unalika, ndo ile ganzi ya soda na maji ya friji. Na neno Soft kwenye pakiti peke yake halikuokoi, maana linaongelea ulaini wa unywele, halisemi ncha imechongwa au haijachongwa.

Utajuaje? Washa tochi ya simu, fungua kamera, vuta karibu kupitia ile plastiki. Ncha ikiwa imekatwa bapa, kingo zake zimechongoka au moja ndefu moja fupi bila mpangilio, rudisha. Ukishanunua pitisha juu ya mdomo wa chini bila dawa, ukisikia inachoma jua ndo hiyo yenye makali. Nunua mmoja kwanza ujaribu, pakiti ya familia nzima baadaye.

Sasa orodha, na nasema wazi kabisa nina upendeleo.

Namba moja Colgate SlimSoft. Najua mtasema huyu dada na Colgate yake, semeni tu. Nywele zake zinazidi kuwa nyembamba kadiri zinavyoenda nchani, zinaingia pale jino linapokutana na fizi, na pale ndo uchafu unapojificha, sio kwenye uso wa jino unaoung'arisha kwa ajili ya selfi. Watu wanalalamika haisuguliki, mtu anataka asikie kwaruu ndo aamini kasafisha. Ule utando wa bakteria ni laini jamani, hauhitaji nguvu, unahitaji dakika mbili na mkono mwepesi. Hapa mjini utaupata supamaketi na maduka makubwa ya dawa, duka la mtaani usijisumbue.

Namba mbili Sensodyne, ule wa Soft. Kama tayari una ganzi anza hata na huu, sitagombana na wewe, kilichouweka wa pili ni bei tu.

Namba tatu Oral-B, lakini aina zake ni nyingi, kwa hiyo soma pakiti, chukua Soft yenye kichwa kidogo kinachofika nyuma ya jino la mwisho. Medium, ile ya kati, achana nayo, iwe ya kampuni yoyote.

Ile ya jero na buku, ya kwenye ndoo pale stendi: mulika tochi, ukibahatika poa.

Mswaki wa mti mnauliza sana. Unasafisha, ila tafuna ncha mpaka ilainike vizuri, na ujue floraidi ya dawa hauna. Dawa yoyote utakayochagua isome kwa nyuma, floraidi iwe 1000 hadi 1500 ppm, Whitedent ya hapa hapa Tanzania au ya nje sijali, na ukimaliza tema tu, usisukutue na kikombe kizima cha maji ukaiondoa yote. Mswaki wenyewe badilisha kila miezi mitatu, au mapema nywele zikilala.

Na wewe wa Kirumba usiache kupiga mswaki. Damu mara nyingi ni fizi iliyovimba kwa sababu ya uchafu uliokaa pale, ukiacha ndo unaulisha. Chukua laini, sugua taratibu, wiki mbili zikipita bado damu nenda hospitali, Sekou Toure au Bugando, wakuangalie.

Sasa wauzaji. Nimeingia duka moja katikati ya mji nikaomba Soft, kijana akanipa Hard, nikamwambia hii sio, akanijibu "Mama, hiyo ndo inatakatisha, laini ni za watoto." Nikawasha tochi niangalie nyingine, akaanza kununa eti namchelewesha wateja. Duka zima lilikuwa na Hard na Medium, Soft zimewekwa juu kabisa na vumbi lake, bei mara tatu. Yaani kitu kinacholinda fizi kinauzwa kama manukato. Unauliza kwa nini, unaambiwa usafiri kutoka Dar. Haya, Hard nayo ilikuja kwa miguu?

Sengerema, kule ng'ambo ya ziwa, ndo kabisa. Miaka yote kisingizio kilikuwa kivuko, mara foleni ya malori, mara mzigo umelala ng'ambo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, gari linapita dakika chache tu, na msomaji wangu wa kule ananiambia mswaki haujashuka hata mia. Kamuuliza muuza duka, kajibiwa mafuta yamepanda.