Begi la Safari za Ndege: Lipi Liwe la Kwanza, Lipi Liwe la Mwisho

Mtu anayepanda ndege mara nane au kumi kwa mwaka, awe mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata bidhaa Guangzhou au mtumishi anayehudhuria mikutano Geneva na Addis Ababa, hujifunza mapema kwamba begi haliharibikii pale ambapo muuzaji hupapiga ngumi ili kuonyesha uimara wake. Kwa kawaida ganda na kitambaa ndivyo vya mwisho kuchoka. Kinachotangulia ni gurudumu, kisha mkono wa kuvuta, kisha zipu, na begi lililopoteza kimojawapo kati ya hivyo, hata kama mwili wake bado unang'aa, limeshageuka mzigo wa kubebwa pamoja na mizigo iliyomo. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: kitu kikivunjika, je, fundi wa hapa nyumbani ataweza kulirudisha begi kazini?

Nafasi ya kwanza nalipa begi la nailoni nzito lenye magurudumu mawili. Ninafahamu kwamba maduka yamejaa masanduku magumu ya magurudumu manne, na kwamba begi la kitambaa linaonekana la kizamani, lakini umbo hili lina asili yake. Begi la kusimama lenye magurudumu mawili na mkono unaochomoka lilibuniwa mwaka 1987 na Robert Plath, aliyekuwa rubani wa shirika la Northwest Airlines la Marekani, na watumiaji wake wa mwanzo walikuwa marubani na wahudumu wa ndege, yaani watu wanaoburuta begi karibu kila siku ya kazi. Magurudumu yake hukaa nusu ndani ya mwili wa begi, ilhali yale manne hutokeza nje kama miguu ya kiti, na begi linapoanguka kutoka kwenye mkanda wa mizigo hayo ndiyo yanayotangulia kufika chini. Tena gurudumu la begi la aina hii huwa kubwa kidogo, hivyo hupita kwenye kokoto na lami iliyochimbika bila kukwama. Kitambaa kikichanika, fundi viatu hukishona jioni hiyo hiyo. Zipu ikifa, hubadilishwa. Na gurudumu lililofungwa kwa skrubu hupatiwa jingine linalolingana nalo.

Sharti ni kusoma lebo ya ndani. Uzito wa nyuzi hupimwa kwa denieri, na mabegi mengi ya bei ya chini hutengenezwa kwa poliesta ya denieri 600, ambayo hulika haraka kwenye pembe. Tafuta nailoni iitwayo ya balistiki, ya denieri 840 hadi 1680, ambayo chimbuko lake ni fulana za kuwakinga wanajeshi wa anga dhidi ya vipande vya mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Usidanganywe na namba kubwa pekee, kwa sababu poliesta yenye denieri nyingi bado huzidiwa na nailoni ya unene huo huo katika kustahimili msuguano. Udhaifu wa begi la kitambaa ni maji: wakati wa masika, mzigo ukisubiri kwenye kitoroli kando ya ndege, nguo zilizo karibu na kitambaa hulowa. Anayebeba nyaraka au vifaa vya umeme avifunge kwanza ndani ya mfuko usiopitisha maji, au ashuke hadi nafasi ya pili.

Nafasi ya pili ni sanduku la polipropilini linalofungwa kwa lachi, yaani vifungio vya kubana, badala ya zipu, mfano wake unaojulikana ukiwa S'Cure ya Samsonite. Polipropilini ni plastiki nyepesi inayokunjika bila kupasuka, na kwa kuwa rangi yake imechanganywa ndani ya plastiki yenyewe, mikwaruzo haionekani sana. Faida kubwa, hata hivyo, ni kutokuwapo kwa zipu. Wasafiri wengi hawajui kwamba zipu ya kawaida yaweza kutobolewa kwa ncha ya kalamu, begi likafunguka, kisha vichwa vya zipu vikaburutwa juu ya meno na kulifunga tena pasipo kufuli kuguswa. Lachi haina mlango huo. Sanduku la namna hii pia halipanuliwi, jambo ambalo wengine huliona kasoro. Kwa mtu anayeongeza vitu hadi dakika ya mwisho, mimi naliona kinga. Limekosa nafasi ya kwanza kwa sababu lachi au bawaba ikipinda, kifaa mbadala hakipatikani mtaani.

Ya tatu ni sanduku la polikaboneti lenye zipu, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho zaidi, kwa kuwa ndipo penye udanganyifu mwingi. Polikaboneti halisi hubonyea inapogongwa na kurudi katika umbo lake, na ndiyo maana kampuni ya Rimowa ya Ujerumani, iliyokuwa maarufu kwa masanduku ya alumini, iliichukua mwaka 2000. Plastiki nyingine iitwayo ABS hufanana nayo kwa macho, lakini ni kavu zaidi na hupasuka pembeni. Sokoni utakuta mchanganyiko wa hizo mbili, au ABS tupu iliyopakwa tabaka jembamba la polikaboneti kwa juu, na kibandiko kikisema «PC», yaani polikaboneti, kwa herufi kubwa. Lilaze sanduku, fungua upande mmoja, kisha bonyeza katikati ya ganda kwa kiganja: likikubali na kurudi, hiyo ni dalili njema, likikataa kama ukuta, au likiacha alama nyeupe pale lilipokunjwa, yaelekea hiyo ni ABS, vyovyote vile kibandiko kitakavyosema.

Nafasi ya nne naliachia begi refu laini lenye magurudumu. Ni jepesi na linameza vitu vingi, ila umbo lake laweza kuleta mgogoro uwanjani. Uwanja wa Dubai ulitangaza mwaka 2017 kwamba mzigo usio na upande bapa hautapokelewa, kwa sababu mizigo ya duara hukwamisha mitambo, na Jeddah nako mizigo ya duara na ile iliyofungwa kwa kamba hukataliwa. Kwa hiyo chagua lenye kitako kigumu na bapa. Lile begi la mistari liitwalo shangazi kaja, ambalo wengi wetu tumesafirishia vitenge na sufuria kwa miaka, lifae kwa basi la mkoani. Kwenye ndege mishono yake haihimili kilo 23.

Alumini ni ya tano. Ni nzuri kuitazama, lakini ni nzito, na kila kilo ya sanduku tupu ni kilo iliyotolewa kwenye uzito wa mizigo unaoruhusiwa. Ikibonyea kwenye ukingo, pande mbili huacha kukutana na sanduku halifungi.

Ya mwisho ni ile seti ya masanduku matatu ya ABS, dogo ndani ya la kati na la kati ndani ya kubwa, iuzwayo kwa bei ya kuvutia. Tuseme seti hiyo ni shilingi 240,000 na sanduku kubwa, ambalo ndilo utakalolitumia, likapasuka baada ya safari nne. Hapo umelipa 60,000 kwa kila safari na kubaki na mawili usiyoyahitaji. Begi moja la shilingi 600,000 likidumu safari arobaini limekugharimu 15,000 kwa kila moja.

Ukishachagua aina, kagua viungo. Geuza begi na utazame jinsi magurudumu yalivyofungwa: skrubu zinafunguliwa kwa bisibisi, ribiti hazifunguliwi bila kutobolewa. Zungusha gurudumu kwa kidole. Lenye beringi huendelea kuzunguka kimya, lisilo nayo husimama mara moja. Mimi niliwahi kutembea na sanduku la kilo ishirini na mbili begani, kutoka kituo cha treni mpaka hotelini Guangzhou, gurudumu moja likiwa limebaki katika uwanja mmojawapo kati ya mitatu niliyopitia, na tangu siku hiyo sinunui begi kabla ya kulipindua. Chomoa mkono wote na uutikise: kucheza kidogo ni kawaida, lakini ukiyumba kama jino bovu, maisha ya begi hilo yatakuwa mafupi. Fungua pia bitana. Bitana yenye zipu humwezesha fundi kufikia skrubu za mkono na magurudumu bila kuichana, nayo ni ishara kwamba mtengenezaji alifikiria matengenezo. Kwa zipu kuu, tafuta ukubwa wa namba 8 au 10, namba iliyopigwa nyuma ya kichwa chake, hasa zipu ya kampuni ya YKK.

Kuhusu ukubwa, mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa kila mzigo wa daraja la kawaida, na jumla ya urefu, upana na kina isiyozidi sentimita 158. Wauzaji wengi hupima bila magurudumu, kwa hiyo nenda na futi yako. Begi la urefu wa sentimita 68 au 70 hufika kilo 23 bila shida. Lile la 78 hukuvuta kujaza mpaka upitilize. Mzigo wa mkononi ni habari nyingine, kwani mashirika kadhaa makubwa ya Ghuba huruhusu kilo 7 tu, na begi dogo lenye uzito wa kilo 3.5 limeshakula nusu.

Kufuli lenye alama ya TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, lina maana kwa aendaye huko, ambako maofisa wana funguo za kulifungua bila kulivunja. Halizuii mwizi: picha za funguo hizo zilisambaa mwaka 2015, na watu wakachonga nakala. Mabegi yenye betri ya kuchajia simu yaepuke, isipokuwa betri iwe ya kuchomoka, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege.

Dhamana nayo isomwe hadi mistari ya chini. Nyingi hazihusu uharibifu unaofanywa na mashirika ya ndege; kampuni ya Briggs & Riley ni miongoni mwa wachache wanaoukubali, tena kwa maisha yote ya begi. Uliza kabla ya kulipa kituo chao cha matengenezo cha karibu kipo mji gani, kwa sababu nauli ya kulipeleka begi huko huenda ikazidi gharama ya fundi wako. Begi likivunjwa safarini, lipige picha likiwa bado kando ya mkanda, uandikiwe ripoti kabla ya kutoka uwanjani, kisha ulipelekee shirika la ndege madai kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Ndivyo unavyotaka Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kuhusu usafiri wa ndege wa kimataifa, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, na ambao ukomo wake wa fidia ya mizigo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kiasi cha dola 2,000 za Marekani. Risiti ya begi iwe kwenye simu, si ndani ya begi.