Kifaa cha kupima kani ya Casimir: miezi mitatu ya kukitumia hapa Moshi

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Kifaa hiki nilikiagiza mtandaoni kwa shilingi 340,000, kikaja na basi kutoka Dar. Tangazo lilisema utaiona mezani kwako kani ya ombwe la kwantamu, yaani mvuto mdogo mno kati ya mabamba mawili mahali pasipo na hewa wala kitu kingine. Walimu wenzangu, hutaiona, na inaniuma kwa sababu hela nilizitoa mfukoni mwangu.

Ndani ya boksi kuna uzi mwembamba wa chuma unaoning'iniza ufito wenye bamba dogo na kioo, bamba la pili la kusogezwa kwa skrubu, na leza. Bamba likivutwa, uzi unajisokota na nukta ya leza inahama ukutani. Siku ya kwanza ilihama kweli, darasa zima likashangilia. Kesho yake nikayaunganisha mabamba yote mawili kwa waya, nukta ikarudi mahali pake. Kilichokuwa kinavuta ni umeme tuli.

Casimir, yule mwanafizikia Mholanzi, alikokotoa mwaka 1948 kwamba mabamba mawili yasiyo na chaji huvutana ndani ya ombwe, kwa kuwa mawimbi ya sumakuumeme yanayoweza kukaa katikati yake ni machache kuliko ya nje. Lakini umbali ukiongezeka mara 10, kani hupungua mara 10,000. Skrubu ya kifaa hiki inaishia sehemu ya kumi ya milimita. Ukizidisha, mabamba yanagusana. Kwenye sehemu hiyo ya kumi ya milimita, kani ni ndogo mara milioni 100 kuliko kwenye maikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita! Lamoreaux, mwanafizikia aliyeipima kani hiyo Marekani mwaka 1997, alianzia maikromita 0.6, tena ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Bamba moja alilibadilisha kwa lenzi, maana kuyaweka mawili sambamba kabisa ni kazi ngumu mno. Na volteji ndogo inayobaki kati ya metali hata baada ya kuziunganisha, ilibidi aifute kwa volteji ya kinyume.

Muuzaji nimemwandikia mara mbili arekebishe tangazo. Kimya.

Uzi wenyewe ni mzuri, haujakatika hata mara moja, na kwa somo la umeme tuli sijapata kifaa kinachokishinda. Kiwekeni sakafuni, si mezani, na mfanye kazi usiku. Mchana kila lori likipita barabarani nukta inacheza ukutani kwa dakika kadhaa.

Nyota 2 kati ya 5.