Adapta ndogo ya Apple kwa wapenzi wa taarabu

Kwetu Mkomani, Lamu, kompyuta ya mezani ndiyo redio ya nyumba nzima. Lakini tundu lake la spika lina mvumo: ukisogeza kipanya tu, kuna kijilio chembamba nyuma ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Hakimo kwenye wimbo. Ni umeme wa ndani ya mashine unaopenya njia ya sauti, na dawa ni kuihamishia nje kazi ya kugeuza dijitali kuwa sauti.

Nimechukua adapta ya Apple ya USB-C yenye tundu la milimita 3.5, ifanye kazi hiyo. Inafika biti 24 na kilohezi 48, vipimo vya undani wa sauti ya dijitali. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, kwa hiyo inatosha kabisa. Msibabaishwe na vifaa vya namba kubwa. Mvumo umekwisha! Udi nausikia unavyocharazwa, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, jamani, raha.

Waya wake ni mwembamba, usiuvute. Wala haiponyi faili mbovu: MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde itabaki chakavu. Wenye Windows, ingieni mipangilio ya sauti mchague 44100 (ndiyo kilohezi 44.1 za CD), nyimbo za CD zisigeuzwegeuzwe bure.